Miamba geu hutokeaje, na jiwe lililo mkononi mwako linaitwaje?

Swali: "Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Kwenye mto unaoshuka kutoka Uluguru wanafunzi wangu waliokota mawe manne. La kwanza linametameta na kubanduka kwa tabaka nyembamba. La pili lina mistari myeupe na myeusi. La tatu ni jeupe lenye chembe kama za sukari. La nne ni jeusi, zito, lina vidoa vyekundu. Fundi wa mawe aliyeyaona anasema yote manne ni naisi, na kwamba lile jeupe ni chokaa iliyoungulia ardhini. Miamba geu, ambayo kitabu kinaiita metamofiki, hutokeaje? Na kila jiwe tulipe jina gani?"

Jibu:

Mwalimu, fundi wako amepatia jiwe moja, la pili. Mengine yana majina yake. Lakini tuanze na hilo wazo la chokaa kuungua, maana ukiona lilipokosea umeshaelewa nusu ya habari ya miamba geu.

Mchoma chokaa hupasha mawe au matumbawe joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka kwenye jiwe na kupotelea juu pamoja na moshi. Kinachobaki tanurini ni chokaa hai, iliyopoteza karibu asilimia 44 ya uzito wa jiwe la awali, na ukiimwagia maji inachemka na kupasuka kuwa unga. Sasa lichukue jiwe lile lile, lizike kilomita 20 chini ya ardhi. Joto lipo la kutosha kuligeuza, ila juu yake kuna mzigo wa mwamba unaoikandamiza ile hewa isipate pa kutokea. Kalsaiti, yaani madini yanayounda jiwe la chokaa, haivunjiki. Badala yake chembe ndogo zinamezwa na kubwa, alama za makombe na matumbawe zinafutika, na mwishowe unapata jiwe zima la fuwele zilizoshikana ubavu kwa ubavu. Hiyo ndiyo marumaru. Mskochi James Hall alilionyesha jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19: alifungia unga wa chokaa ndani ya mtutu wa bunduki, akauziba, akaupasha moto. Hewa ilipokosa mwanya, unga ule uligeuka jiwe gumu lenye fuwele kama marumaru. Kwa hiyo fundi ameliona joto, akalisahau shinikizo.

Mwamba geu, basi, ni mwamba wowote uliobadilika sura, madini, au vyote viwili ukiwa bado mgumu. Unaweza kuwa ulianza kama mwamba wa moto, mwamba wa mashapo, au hata mwamba geu mwingine. Maneno ya kushika ni hayo "ukiwa bado mgumu". Wanafunzi wengi huandika kwamba mwamba uliyeyuka kisha ukaganda upya. Mwamba wa namna hiyo ni mwamba wa moto, si mwamba geu. Mpaka wa chini ni karibu nyuzi 200: chini ya hapo tunazungumzia tope na mchanga kushikamana tu. Mpaka wa juu unategemea maji. Mwamba wenye madini ya graniti, ukiwa na maji, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 650 hadi 700. Ukiwa mkavu huvumilia hadi nyuzi 800 na zaidi. Katikati ya mpaka huo wa juu kuna mwamba ulioyeyuka kidogo na kubaki mgumu kwingine, wenye mishipa myeupe iliyojikunja kama matumbo. Huo unaitwa migmataiti, na ni kawaida kuukuta mahali penye naisi.

Ni nini kinachougeuza mwamba

Joto huongezeka kadiri unavyoshuka, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita. Ukifika kilomita 20 umeshapita nyuzi 500. Joto linaweza pia kuletwa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayopanda na kukaa jirani ya mwamba baridi.

Shinikizo lina sura mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowapotosha wengi. Ya kwanza inabana kutoka pande zote sawasawa, kama maji yanavyombana mpiga mbizi. Kila kilomita 3.7 hivi za mwamba huongeza kilobari moja, yaani karibu mara elfu ya uzito wa hewa tunayoivuta. Shinikizo hili hupendelea madini mazito yanayochukua nafasi ndogo, ganeti, ambayo mara nyingi ni nyekundu, ikiwa mojawapo. Sura ya pili ni ya msukumo wa upande mmoja kuzidi mwingine, kama pale mabara mawili yanapogongana. Huu ndio unaozifanya chembe bapa zilale mstari mmoja. Ushahidi wake umo kwenye jiwe lako la kwanza.

Kitu cha tatu watu hukisahau, nacho ni maji. Kati ya chembe na chembe hupita utando mwembamba wa maji au wa kaboni dayoksaidi, na ndio unaobeba viini kutoka kwenye madini yanayokufa kwenda kwenye yanayozaliwa. Bila utando huo mabadiliko hukwama hata joto likiwepo. Hili linajibu swali ambalo wanafunzi wako watakuuliza tu: kama madini hubadilika yakishuka, mbona hayarudi kuwa tope yakipanda? Kwa sababu wakati wa kupashwa joto mwamba hutoa maji yake. Kwa mfano, kloraiti (madini ya kijani yenye maji ndani yake) ikikutana na ulanga mweupe (madini bapa yanayometa) na kwatsi (madini ya mchanga mweupe), hutoka ganeti, ulanga mweusi na maji, na maji hayo huondoka. Mwamba ukianza kupoa unakuwa umekauka, hauna cha kuurudisha. Pale ambapo maji yameingia tena kupitia ufa, utaona ganeti imezungukwa na rangi ya kijani: ni kloraiti inarudi. Ukiokota jiwe la hivyo usilitupe.

Na kuna jambo ambalo joto wala shinikizo haliwezi kulibadili: jiwe halipati kisichokuwamo, isipokuwa majimaji yakileta kitu kutoka nje. Mchanga safi wa kwatsi utabaki kwatsi uuchome utakavyo. Tope la mfinyanzi lina alumini, chuma, magnesi na potasi, hivyo hutoa ulanga, ganeti, kayanaiti na ndugu zao wengi. Jiwe la chokaa lililochanganyika na mfinyanzi linaweza kutoa vito: rubi za Matombo na spineli za Mahenge, zote za mkoa wako, zimekaa ndani ya marumaru kwa sababu chokaa ile ya kale haikuwa safi. Ingekuwa safi, leo tungekuwa na marumaru nyeupe tupu. Vivyo hivyo Mirerani: mashapo yaliyokuwa na mabaki ya viumbe yaligeuka naisi yenye kinywe (grafaiti), na metali ya vanadi iliyokuwemo ikaingia kwenye madini ya zoisaiti, ikawa tanzanaiti.

Mahali geuko linapofanyika

Magma ikikaa kando ya mwamba baridi, huunguza ukanda mwembamba pembeni yake, kuanzia sentimita chache hadi kilomita kadhaa. Hapo kuna joto bila msukumo mkubwa, kwa hiyo mwamba unaotoka ni mgumu, wa chembe ndogo, usio na mistari. Huitwa honifelsi. Kwenye mipasuko ya ardhi mwamba husagwa na kunyooshwa, ukatoka milonaiti. Kwenye sakafu ya bahari maji ya moto huligeuza jiwe la basalti, yaani lava nyeusi iliyoganda, kuwa la kijani. Hayo tuyapite, maana mawe yako ni ya aina nyingine kabisa: geuko la eneo zima, linalogusa maelfu ya kilomita za mraba mabara yanapogongana.

Mgongano uliotengeneza mawe yako ulifanya ukanda ambao mwanajiolojia Arthur Holmes aliuita Mkanda wa Msumbiji mwaka 1951. Unapita Msumbiji, mashariki mwa Tanzania, unaingia Kenya kupitia Taita na Machakos, na kuendelea kaskazini. Milima ya Pare, Usambara na Uluguru ni mizizi ya safu ya milima iliyokwisha liwa. Geuko lake kuu lilifikia kilele karibu miaka milioni 640 iliyopita, mwamba ukiwa kwenye nyuzi 800 hivi na shinikizo la kilobari 10, yaani kina cha kama kilomita 35. Fikiria hilo unaposimama Morogoro mjini ukitazama juu: ule mwamba wa kileleni ulikuwa chini mara kumi na zaidi ya urefu wa mlima wenyewe. Kilimanjaro na Meru hazimo katika habari hii. Hizo ni volkano changa zilizokuja kukaa juu ya mwamba huu wa kale.

Jina hutoka kwenye kile unachokiona

Kanuni ya kuipa majina miamba geu ni rahisi kuisema na ngumu kuifuata: taja kwanza kile jicho linachoona, asili yake uje uiseme baadaye. Tazama mpangilio wa chembe (zimelala mstari au la), ukubwa wa chembe, kisha madini. Ukianza na asili utajikuta unalilazimisha jiwe likubaliane nawe.

Vunja kila jiwe kwa nyundo upate uso mpya, maana uso uliooza kwa mvua hudanganya. Vaa miwani ya kukinga macho. Uwe na lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, kisu cha chuma, kipande cha kioo, na asidi.

Jiwe la kwanza, linalometameta na kubanduka, ni shisti. Kumeta huko ni ulanga: mweusi kwa kizungu cha vitabu ni bayotiti, mweupe ni muskovaiti. Shika kipande kwenye jua ukizungushe polepole. Utaona kinawaka chote kwa mara moja kisha kinazima chote. Hiyo ni maelfu ya vipande bapa vilivyolala uelekeo mmoja, vikiwa vimeota huku mwamba ukisukumwa, kila kimoja kikigeuzia msukumo tumbo lake. Angalia tahadhari hii: tabaka hizo si tabaka za tope la awali. Tope lilitandazwa chini ya maji. Tabaka za shisti zimetengenezwa na msukumo, na mara nyingi zinakata tabaka za awali kwa pembe. Kosa hili ndilo linaloongoza madarasani.

Shisti ni kituo kimoja tu katika safari ya tope. Kwenye joto dogo tope hutoa sleti, ngumu, isiyo na chembe zinazoonekana, inayopasuka kama kigae na kulia kwa sauti kali ukiigonga. Joto likizidi kidogo hutoka filaiti, yenye mng'ao wa hariri lakini chembe bado hazionekani kwa jicho tupu. Baada yake ni shisti, ambayo ulanga wake unauona bila lenzi. Ukiendelea mbele unafika naisi, kisha migmataiti. Si lazima kila shisti iwe imetoka kwenye tope. Lava ya basalti nayo hutoa shisti ya kijani, kama ilivyo kwenye miamba ya kale ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa.

Tofauti ya shisti na naisi imewahi kuzua mabishano mengi, hadi Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Jiolojia ulipochapisha mapendekezo yake mwaka 2007. Kipimo chao ni cha kushika mkononi: mwamba ukipasuka kirahisi kwa vipande vyembamba vya sentimita 1 au chini ya hapo, ni shisti. Ukipasuka kwa vipande vinene zaidi ya hapo, ni naisi. Chukua rula.

Kisha ongeza madini kwenye jina. Yanayofikia asilimia 5 au zaidi ya jiwe ndiyo yanayotajwa. Utaratibu wa kimataifa ni kwamba madini yaliyo mengi hukaa karibu zaidi na jina la mwamba. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu kwetu jina la mwamba hutangulia: "shisti ya bayotiti na ganeti" maana yake bayotiti ni nyingi, ganeti ni chache. Ukigeuza mpangilio umesema jambo jingine.

Jiwe la pili, la mistari myeupe na myeusi, ni naisi, na hapo fundi amesema kweli. Mistari myeupe ni kwatsi na feldspa, madini mawili ya rangi nyepesi. Myeusi ni bayotiti au honiblendi. Kwenye joto kubwa ulanga mweupe huanza kutoweka: ukikutana na kwatsi kwenye nyuzi 600 hadi 700 hutoa feldspa, silimanaiti na maji. Ndiyo maana naisi haibanduki kama shisti: kile kilichokuwa kinatoa njia ya kupasukia kimeliwa. Wengi huichanganya na graniti, na kweli madini yanafanana. Lakini chembe za graniti zimetawanyika bila mpangilio. Zungusha jiwe pande tatu, ukiona mistari upande wowote mmoja, si graniti ya kawaida. Upande mmoja tu hautoshi, kwa sababu ukilikata jiwe sambamba na mistari yake huioni.

Sasa ndipo unaruhusiwa kuuliza asili. Naisi iliyotoka kwenye mwamba wa moto huitwa othonaisi, iliyotoka kwenye mashapo huitwa paranaisi. Ukikuta kinywe, ganeti nyingi, kayanaiti au silimanaiti, au naisi imepangana na marumaru, sema paranaisi. Ikiwa jiwe lina sura moja kwa eneo kubwa na lina feldspa kubwa zenye umbo la jicho, elekea othonaisi. Usipokuwa na uhakika, andika naisi basi.

Jiwe jeupe linataka vipimo

Jiwe la tatu siwezi kulitaja kwa maelezo uliyotoa, maana kwenye Uluguru kuna mawe meupe matatu yanayofanana mno: marumaru, kwatsaiti (mwamba geu wa mchanga wa kwatsi), na mwamba mweupe wa feldspa uitwao anothosaiti. Yapambanue hivi.

Jaribu kukwaruza kioo kwa ncha ya jiwe. Marumaru haikwaruzi kioo, na kisu kinaikata bila shida, kwa sababu ugumu wa kalsaiti ni 3. Kwatsi ina ugumu wa 7, feldspa 6. Zote mbili zinakwaruza kioo. Kosa la kawaida ni hili: unapitisha kisu juu ya kwatsaiti, unaona mstari wa kijivu, unasema "imekwaruzika." Lowesha kidole ufute. Mstari ukifutika, ni chuma cha kisu kilichobaki juu ya jiwe, na kisu ndicho kilichokwaruzwa.

Kisha asidi. Kwenye maabara ya shule tumia asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10: sehemu moja ya asidi kali kwa sehemu tatu za maji. Mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Tone moja kwenye marumaru ya kalsaiti huchemka papo hapo kwa mapovu mengi. Marumaru ya dolomaiti, yenye magnesi, hukaa kimya. Kwaruza upate unga, dondoshea tone kwenye unga, na utaona mapovu madogo ya polepole. Asiyefanya jaribio la unga huiandika dolomaiti kuwa kwatsaiti. Kama huna maabara, siki ya jikoni kwenye unga wa marumaru ya kalsaiti hutoa mapovu hafifu unayoyaona kwa lenzi. Asidi ya betri ya gari isitumike: inaunguza mtoto vibaya, na isitoshe inatengeneza ngozi ya jasi juu ya kalsaiti inayozuia mapovu, kwa hiyo jibu lake ni la uongo.

Likiwa gumu na lisilochemka, liangalie kwa lenzi. Feldspa ina nyuso bapa zinazorudisha mwanga kama vioo vidogo unapolizungusha jiwe. Kwatsi haina nyuso hizo. Mvunjiko wake ni wa mviringo, kama chupa iliyovunjika. Kwatsaiti pia hupasuka ikikata katikati ya chembe. Jiwe la mchanga la kawaida hupasuka likizunguka chembe, na ukilisugua mchanga unabaki kidoleni.

Jiwe jeusi lenye vidoa vyekundu

Hili ndilo jiwe lenye habari nyingi kuliko yote manne. Anza kwa kulipima uzito. Tundika jiwe kavu kwenye mizani ya kuning'iniza, andika gramu. Kisha liache lining'inie ndani ya ndoo ya maji, limezama lote bila kugusa chini, andika tena. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya hizo mbili. Jiwe la gramu 600 hewani na gramu 400 majini lina 600 kugawa kwa 200, yaani 3.0. Naisi ya kawaida huwa 2.6 hadi 2.8, marumaru 2.7, na miamba miwili mizito nitakayoieleza hapa chini, amfibolaiti 2.9 hadi 3.1, na eklojaiti 3.3 au zaidi. Viputo vya hewa vikibaki kwenye nyufa hesabu itashuka, kwa hiyo loweka jiwe kwanza na ulitikise.

Vidoa vyekundu ni ganeti. Kilicho cheusi ndicho cha kukiangalia kwa makini. Honiblendi huwa na umbo refu, na nyuso zake mbili za mpasuko zinakutana kwa pembe za karibu nyuzi 56 na 124. Piroksini ni fupi, na nyuso zake zinakutana kwa pembe inayokaribia mraba. Honiblendi na feldspa pamoja na ganeti: andika amfibolaiti ya ganeti. Piroksini, feldspa na ganeti: ni granulaiti, na kwa jiwe la Uluguru hilo lisikushangaze.

Yote hayo huenda yalikuwa mwamba mmoja, basalti. Hilo ndilo Pekka Eskola wa Finland aliloliweka wazi mwaka 1920: ukiwa na mwamba wa kemia ile ile, madini yanayokaa pamoja hukuambia joto na shinikizo. Basalti kwenye nyuzi 300 hadi 500 hutoa shisti ya kijani. Kwenye 500 hadi 700 amfibolaiti. Juu ya hapo granulaiti. Ikizamishwa haraka ikiwa baridi hutoa shisti ya buluu. Shinikizo likizidi kilobari 12 hivi, feldspa inatoweka na kubaki ganeti nyekundu ndani ya piroksini ya kijani: eklojaiti. Iko Tanzania, kwenye miamba ya Usagara huko Isimani mkoani Iringa, na ina umri wa karibu miaka bilioni 2, miongoni mwa za kale zaidi zinazojulikana duniani.

Kwa miamba ya tope kipimo ni kingine. George Barrow, akifanya kazi nyanda za juu za Uskoti, alionyesha mwaka 1893 kwamba madini hutokea kwa zamu kadiri joto linavyopanda. Orodha inayotumika leo ni kloraiti, bayotiti, ganeti, staurolaiti, kayanaiti, silimanaiti. Kayanaiti, silimanaiti na andalusaiti zina kemia moja kabisa. Zinakutana kwenye nyuzi 500 na kilobari 4 hivi. Andalusaiti inapenda shinikizo dogo, kayanaiti kubwa, silimanaiti joto. Kayanaiti ni rahisi kuitambua: ni ya buluu au kijivu, bapa na ndefu, na ina ugumu wa aina mbili katika fuwele moja. Kisu kikipita kwa urefu kinaikwaruza. Kikipita kwa kukata upana kinateleza. Kenya iliichimba kwenye kilima cha Murka, Taita Taveta.

Rudi kwenye jiwe jeusi. Peleka kipande kwa karakana ya marumaru likatwe kwa msumeno wa maji, si kavu, maana vumbi la kwatsi huharibu mapafu. Lisugue kwa msasa wa maji namba 220, kisha 400, kisha 600. Liloweshe na uangalie kwa lenzi ukingo wa kila ganeti. Ukiona pete nyeupe ya feldspa imeizunguka ganeti, mwamba ulipanda juu ukiwa bado wa moto: shinikizo lilipungua kabla ya joto, na ganeti ikaanza kuvunjika. Ukiona kinyume chake, ganeti ndiyo iliyofanya pete nyembamba nyekundu kati ya chembe nyeusi na nyeupe, mwamba ulipoa ukiwa ungali kule chini, ukasubiri muda mrefu ndipo ukaja juu. Hii ya pili ndiyo iliyoelezwa kwenye granulaiti za Pare, Usambara na Uluguru. Wape wanafunzi lenzi, usiwaambie jibu, na kila mmoja achore pete anayoiona.